Atomu Moja Ikitoweka, Jirani Zake Hazibaki Zilipokuwa

Mtu aking'olewa jino na pengo likaachwa wazi, meno ya pembeni huanza kuinama taratibu kuelekea pengoni. Ndani ya kipande cha shaba hutokea jambo linalokaribiana na hilo, ila kwa kipimo kisichofikiwa na jicho.

Shaba ni fuwele: atomu zake zimekaa kwa mpangilio unaojirudia, kila moja ikizungukwa na nyingine 12 zilizo umbali wa nanomita 0.256 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Tuseme moja imetoka. Mara nyingi pengo hilo huchorwa kama duara tupu katikati ya safu zilizonyooka. Mchoro huo unaficha jambo lenyewe. Iliyokuwa ikizizuia zile 12 zisisogee ndani haipo tena, kwa hiyo hujongea kidogo kuelekea pengo, asilimia chache tu za umbali wake. Zilizo nyuma yake nazo hujirekebisha. Msogeo hufifia haraka: umbali kutoka pengoni ukizidi mara mbili, msogeo hushuka hadi karibu robo.

Chumvi hufanya kinyume, na hapa ndipo napenda watu watulie kidogo. Chembe ya chumvi imejengwa kwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme: za sodiamu zenye chaji chanya na za klorini zenye chaji hasi, zikipishana. Ioni ya sodiamu ikikosekana, klorini sita zilizoizunguka zinabaki zikitazamana bila kitu cha kuzituliza. Zote ni hasi, kwa hiyo husukumana na kurudi nyuma, pengo linapanuka. Sodiamu za mzunguko unaofuata huvutwa ndani. Na ikikosekana klorini, elektroni moja ikanaswa mahali pake, elektroni hiyo hufyonza mwanga wa buluu, na chumvi iliyokuwa haina rangi hugeuka manjano.

Mapengo haya si dosari ya mtengenezaji. Joto lenyewe huyazalisha, na kadiri linavyopanda ndivyo yanavyoongezeka. Mwaka 1960, watafiti Simmons na Balluffi waliyahesabu katika alumini kwa njia ambayo hadi leo naiona ya kupendeza. Walipasha ufito wa alumini, wakapima urefu wake, na papo hapo wakapima kwa eksirei nafasi kati ya atomu. Kule kujongea kwa jirani hubadilisha vipimo vyote viwili kwa uwiano uleule, kwa hiyo hakuleti tofauti. Lakini atomu iliyohama huenda kujenga mahali papya, na ufito hurefuka zaidi ya eksirei zinavyoonyesha. Ziada hiyo ndiyo idadi ya mapengo: karibu na nyuzi 660 za Selsiasi, alumini inapoyeyukia, ni kama 9 katika kila nafasi 10,000.

Idadi hiyo yaonekana ndogo, lakini bila mapengo atomu za metali hizi zingebanana, zisipate pa kupita. Jirani mmoja akitaka kuhamia pengoni, sharti ajipenyeze kati ya atomu nne zinazobana njia, azisukume kando kwa kitambo kifupi sana, kisha zirudi. Akishapita, pengo limehamia alikotoka yeye, na jirani wa huko nao wanaanza kusogea.