Dalali wa mahakama akibisha hodi, ni mlango upi anaweza kuuvunja?

Mteja wangu mmoja, fundi seremala, alimkaribisha dalali wa mahakama sebuleni kwa heshima zote, kisha akafunga chumba cha kulala kwa ufunguo, akiamini humo hapaingiliki. Kitasa kikavunjwa mchana kweupe. Alipokuja kulalamika ilinibidi nimweleze ukweli uliomuuma: hapo dalali hakukosea.

Jambo lote liko kwenye mlango wa nje. Kwa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaulinda huo kuliko mingine yote. Dalali aliyetumwa kukamata mali zinazohamishika haruhusiwi kuuvunja, isipokuwa nyumba iwe anaishi mdaiwa mwenyewe, naye akatae kufungua au amzuie kuingia. Ukiwa huishi kwa shemeji yako, mlango wa shemeji hauvunjwi kwa deni lako. Lakini dalali akishaingia kihalali, chumba chochote anachoamini kina mali yako anaweza kukivunja.

Kipo chumba kimoja chenye utaratibu wake. Akikuta mwanamke wa utawani, ambaye kwa mila haonekani hadharani, ni lazima amjulishe kuwa yuko huru kutoka, kisha ampe muda na nafasi ya kutosha kufanya hivyo. Hapo ndipo aingie. Sheria yetu ya 1966 ilifuata ile ya India ya 1908, na kipengele hiki kimetokea huko. Hata hivyo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa maana yake.

Na usiku? Jua likishazama mpaka lichomoze, haingii nyumba ya kuishi, hata awe na hati yenye mhuri.

Kosa nililoliona mimi kwa yule fundi lilikuwa kwenye gari la dalali. Walikuwa wamepakia randa, misumeno na godoro la watoto. Zana za kazi za fundi hazikamatwi, wala nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto. Mkulima naye huachiwa jembe, mbegu na mifugo kwa kadiri mahakama inavyoona anavihitaji kujipatia riziki. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake imo pia kwenye orodha hiyo, ila ukiwa umeiweka rehani benki, hiyo ni njia nyingine kabisa.

Kwa hiyo usipoteze nguvu kugombania kitasa. Omba uone hati ya kukaza hukumu, yaani amri ya mahakama ya kuitekeleza, soma jina na namba ya shauri, kisha andika kila kinachotoka, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia. Mali zikishakamatwa, dalali ndiye anayewajibika kuzitunza, na bila orodha utambana kwa lipi? Kama friji ni la dada yako, dada mwenyewe apeleke pingamizi mahakama ileile iliyotoa amri, tena mapema, kwa sababu mahakama ikiona amechelewa kwa makusudi inaweza kukataa kumsikiliza.