Pesa za nyumba za bei nafuu na mwananchi wa kijijini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ushuru wa nyumba ulianza kukatwa kwenye mishahara nchini Kenya Julai 2023: asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi, na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri wake. Pesa hizo ni za kujenga nyumba za bei nafuu, na picha tunazoonyeshwa magazetini na kwenye runinga ni za maghorofa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na milioni 32.7 kati yao walikuwa wakiishi vijijini. Huko, kwenye matanga, kwenye vikao vya chama na barasani kwa chifu, yanasemwa mengi kuhusu pesa hizi. Mengine si kweli, mengine ni kweli nusu. Nimeona heri niyapitie, kwa kuwa uvumi huu una gharama: mtu anakaa pembeni akidhani hahusiki, au anangoja kitu ambacho hakuna aliyemwahidi.

“Hizo ni nyumba za watu wa mjini, sisi hatumo”

Anayesema hivi ana sababu. Nyumba zilizokabidhiwa watu Mukuru, Nairobi, Mei 2025 ni za jijini. Zile 110 za Homa Bay zilizofunguliwa wakati huohuo nazo ziko mjini. Mkulima mwenye ekari moja na ng'ombe wawili hawezi kuhamia chumba cha ghorofa ya tatu, na hapaswi kulazimika.

Hata hivyo, kijiji kimo kwenye sheria. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, iliyotiwa saini tarehe 19 Machi mwaka huo, inagawa nyumba kwa mafungu. Kuna nyumba za kijamii kwa mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa mwenye kati ya 20,000 na 149,000, na za tabaka la kati kwa anayepata zaidi ya hapo. Kisha kuna fungu ambalo ni nadra kulisikia likitajwa jukwaani: nyumba nafuu ya kijijini, yaani inayomlenga mtu anayeishi eneo lisilo la mji. Na miongoni mwa kazi ambazo sheria imeipa Hazina ya nyumba, yaani mfuko unaopokea ushuru huu, ni kutoa mikopo ya riba nafuu kwa ajili ya kujenga nyumba hizo.

Kwa hiyo mwanakijiji ana haki iliyoandikwa. Kinachomkosesha ni utekelezaji uliokwenda mjini kwanza, maana ghorofa moja kubwa huonekana na kuhesabika haraka kuliko nyumba mia moja zilizotawanyika milimani. Hilo linaudhi, na ni halali kuudhika. Ila hasira hiyo ielekezwe kwenye utekelezaji, badala ya kuamini kwamba sheria imetutenga.

“Nikikatwa, nimeshaingia kwenye foleni ya nyumba”

La. Kukatwa ni jambo moja, kuomba nyumba ni jingine.

Mkanganyiko huu una historia. Mpango wa kwanza, wa mwaka 2018, uliwekwa kama mchango: pesa za mchangiaji zilikuwa zibaki kwa jina lake. Mpango ule ulikwama mahakamani. Uliporudi mwaka 2023 ulikuja kama ushuru, na ushuru haurudishwi, sawa na usivyorudishiwa kodi uliyolipa ukinunua sukari. Anayetaka nyumba za mradi anajisajili mwenyewe kwenye Boma Yangu, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na anaweza kuanza kuweka akiba humo kwa ajili ya malipo ya kwanza. Hiyo akiba ndiyo inayohesabika kuwa yake. Na atakayepata nyumba ya mradi asidhani anaweza kuiuza kesho yake: sheria inamtaka kwanza apate idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.

“Ushuru huu ni wa wafanyakazi wa ofisini, mashambani hautugusi”

Chukua mfanyakazi wa shamba la chai Kericho anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Anakatwa shilingi 270, na mwajiri anaongeza 270. Huyo ni mtu wa kijijini, na kwa kipato chake sheria inamweka kwenye fungu la chini kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi anakatwa, muuguzi wa zahanati anakatwa, askari wa kaunti anakatwa. Hao ndio wanaotuma pesa nyumbani za kununua mabati na kumlipa fundi, hivyo kila shilingi inayotoka kwao ina njia yake ya kulifikia boma.

Wasioajiriwa nao wamo. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliubatilisha ushuru wa awali, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba kuwatoza walioajiriwa rasmi peke yao ni ubaguzi. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuusitisha uamuzi huo, na Bunge likaandika sheria mpya iliyotanua wavu hadi kwenye mapato ya mtu asiye na mwajiri. Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliikubali sheria hiyo mpya. Ukweli unabaki kwamba hati ya mshahara ni rahisi kuikata kuliko mfuko wa mchuuzi, lakini kisheria mkulima anayeuza parachichi zake na mwenye duka la pembejeo hawako nje.

Jambo moja la manufaa ambalo wengi hawajalisikia: tangu mwisho wa Desemba 2024, kiasi hiki huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kupigwa hesabu. Kagua hati yako. Kama mhasibu wa mwajiri wako bado anatumia hesabu ya zamani, unalipa kodi isiyopasa.

“Serikali itachukua shamba ijenge ghorofa”

Mpango wa kijijini ulivyo kwenye sheria ni wa mkopo: unajenga mwenyewe, kwako. Na popote serikali inapohitaji ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, Kifungu cha 40 cha Katiba kinadai fidia ya haki, ilipwe upesi. Kumtisha mzee wa watu kwa jambo hili ni kumnyima usingizi bure.

“Mwenye shamba hana shida ya kukopa”

Hapa ndipo nataka tutulie, kwa sababu ndipo penye kizuizi chenyewe.

Nenda boma lolote la kawaida Kakamega au Murang'a. Utakuta ekari tatu zilizokatwa vipande vinne kwa mistari ya migomba na ua wa michongoma. Kila ndugu anajua mpaka wake, majirani wanaujua, hata watoto wanajua ng'ombe asivuke wapi. Kila mmoja amejenga upande wake. Sasa fungua sanduku utoe hati miliki: ni moja, na ina jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Machoni pa kijiji kuna wenye mashamba wanne. Machoni pa mkopeshaji hakuna hata mmoja.

Mkopo wa nyumba kwa kawaida hushikwa na hati miliki. Kwa hiyo pesa za serikali, hata zingekuwa na riba ndogo namna gani, hazitapita kwenye mlango huu mpaka urithi ushughulikiwe. Njia yake inajulikana: cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, upekuzi rasmi wa hati kwenye sajili ya ardhi, kisha ombi mahakamani. Tangazo linachapishwa kwenye Gazeti Rasmi na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Kwa kawaida miezi sita hupita tangu msimamizi wa mirathi ateuliwe hadi uteuzi wake uthibitishwe na mgao upitishwe. Kesi za mirathi zisizo kubwa husikizwa na mahakama ya hakimu, hakuna haja ya kusafiri hadi Mahakama Kuu. Kugawa shamba la kilimo nako kunataka kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi.

Barua ile ya chifu ndiyo inayozaa ugomvi mwingi. Mabinti walioolewa huachwa nje “kwa sababu wana kwao”, na wajane wa ndoa ya pili husahaulika kwa makusudi. Sheria inawatambua, nao wakija kupinga baadaye mambo yote yanarudi mwanzo. Ninasihi familia ziwataje wote tangu siku ya kwanza, kwa haki yao na kwa faida ya kila mmoja.

Kuna pia saini ya mwenzi. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila mume au mke kutia saini, na ni vyema hivyo, kwani wako wanawake waliopata habari ya mkopo siku ya mnada. Kule Samburu, Turkana au Tana River mambo ni tofauti tena: ardhi nyingi ni ya jamii, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na mtu mmoja hawezi kuipeleka benki kama yake. Mpango wa mikopo usiojibu swali la maeneo hayo utakuwa umeacha sehemu kubwa ya nchi nje.

Ndiyo maana naamini serikali ikitaka kweli kujenga vijijini, sehemu ya pesa ingefaa kuanza na karatasi: mawakili wa bure wa mirathi, wapimaji, na ada nafuu za hati. Na mkopo wenyewe uwe mdogo, wa hatua kwa hatua. Watu wetu hujenga hivyo: msingi mwaka huu, ukuta mavuno yakija, halafu mabati, na plasta mwisho. Anayehitaji shilingi laki mbili za kubadilisha sakafu ya udongo na kuvuna maji ya paa hana haja ya mkopo wa miaka ishirini.

“Nyumba ya maana ni ya mawe”

Dhana hii inakula pesa nyingi. Lori la mawe likifika mlimani Taita au Pokot, unakuta nauli imekaribia bei ya mawe yenyewe. Wakati huo udongo mwekundu uliopo uwanjani, ukichanganywa na saruji kidogo, kama asilimia tano hadi kumi, na kushindiliwa kwa mashine, hutoa matofali yanayofungamana. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa. Ukuta wake hutumia mchanga na saruji kidogo katikati ya matofali. Yanafunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa kabla ya kujengea, na fundi anayeruka hatua hiyo ndiye anayeharibia matofali haya jina. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi haufai, hivyo upimwe kwanza.

“Pesa za serikali hazirudishwi” na “KMRC itanikopesha”

Mkopo ni mkopo, na hati miliki iliyoshikiliwa huuzwa. Nayo KMRC, kampuni ya kugharamia upya mikopo ya nyumba, haimkopeshi mtu binafsi. Inazipa benki na Sacco fedha za muda mrefu kwa gharama ya chini, kisha hizo ndizo zinazokukopesha. Swali lako lipeleke kwa Sacco yako: je, inapata fedha za KMRC, na mwanachama wa kijijini anazipataje?

“Haya ni ya Nairobi, kaunti haina lake”

Sheria ya 2024 inaanzisha katika kila kaunti kamati ya nyumba nafuu za vijijini na mijini. Kazi yake ni pamoja na kuandaa mpango wa miaka mitano wa uwekezaji wa nyumba katika kaunti hiyo, na wa kila mwaka. Kama kijiji hakimo kwenye mpango huo, ni vigumu kuona kitaingilia wapi baadaye.

Kwa hiyo anza na gavana na mwakilishi wadi wako. Uliza: kamati imeundwa? Mpango uko wapi? Ni wadi zipi za vijijini zimetajwa, na kwa pesa ngapi? Usipojibiwa mkutanoni, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na wakinyamaza unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ana haki ya kutoa ombi lake kwa mdomo, afisa aliandike.