Maikrowevu inazunguka lakini haipashi: maana ya hitilafu hiyo

Taa ya ndani inawaka, sahani ya kioo inazunguka, feni inavuma, saa inahesabu hadi sifuri na kengele inalia. Unafungua mlango, matoke yako baridi vilevile. Maana yake ni kwamba upande wa umeme mdogo ni mzima, na kasoro iko upande wa umeme mkubwa au kwenye njia inayoulisha.

Upande wa kwanza unatumia zile volti 240 za ukutani, au pungufu ya hapo: taa, feni, mota ya sahani na ubao wa vitufe. Upande wa pili una vifaa vinne. Transfoma inapandisha umeme hadi kama volti 2000. Kapasita (kihifadhi umeme) na dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kwa pamoja zinaufikisha karibu volti 4000 za mkondo mnyoofu. Magnetroni inaugeuza umeme huo kuwa mawimbi ya megahetsi 2450, na hayo ndiyo yanayopasha maji yaliyomo ndani ya chakula. Sahani ina mota yake ndogo isiyojua lolote kuhusu magnetroni, kwa hiyo kuzunguka kwake si ushahidi wa joto.

Kwanza pima kama haipashi kabisa au inapasha kidogo, maana haya ni magonjwa mawili tofauti. Weka lita 1 ya maji ya bomba kwenye chombo cha kioo, pima joto lake, washa kwa nguvu ya juu kabisa kwa dakika 2, koroga, pima tena. Zidisha nyuzi zilizoongezeka kwa 35, utapata wati zinazofika kwenye maji. Yakipanda kutoka nyuzi 24 hadi 46, hizo ni wati 770, na jiko lililoandikwa wati 800 halina neno. Yakipanda nyuzi 10 tu, jiko ni dhaifu. Yasipopanda kabisa, hakuna mawimbi. Hakikisha pia hujaiacha kwenye kuyeyushia barafu, kwani hapo magnetroni huwaka na kuzima kwa zamu, na muda mwingi imezima.

Jiko likiwa dhaifu, anza na soketi kabla ya kumwita fundi. Saa za jioni, kila nyumba inapopika na kupiga pasi, volti za mtaa zinaweza kushuka mno, hasa kwa aliye mwisho wa laini. Taa na sahani huvumilia volti 190. Magnetroni haivumilii, kwa sababu chini ya kizingiti fulani inaacha kutoa mawimbi. Ndiyo maana jiko lililopoa jioni linaweza kupasha vizuri saa nne asubuhi. Pima volti likiwa linafanya kazi, si likiwa limezimwa. Ukinunua stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza volti, usiangalie zile wati 800 za kupikia: jiko la namna hiyo huvuta wati 1200 hivi au zaidi kutoka ukutani, basi chukua ya VA 2000. Wenye sola nao wajue kwamba inveta za bei nafuu, zile ambazo wimbi lake ni la ngazi badala ya kupinda vizuri, huifanya maikrowevu inung'unike na kupasha nusu nusu.

Kama hakuna joto hata kidogo, tega sikio. Kwenye jiko la transfoma, sekunde mbili au tatu baada ya kubonyeza, mvumo hubadilika na kuwa mzito: hapo magnetroni imeshika kazi. Usiposikia badiliko lolote, huenda transfoma haipati umeme. Washukiwa ni swichi za mlango, ambazo kwa kawaida ni tatu, au rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyo kwenye ubao. Mguso wa swichi moja ukiungua, saa itaendelea kuhesabu kana kwamba mambo ni shwari. Kufunga mlango kwa kishindo ndiko kunakoziua. Mvumo mdogo usiokolea waweza kuwa fyuzi ya umeme mkubwa, au dayodi iliyokatika. Ngurumo kubwa, taa ikififia, pengine na harufu ya kuungua, ni dalili ya dayodi, kapasita au magnetroni iliyopiga shoti. Zima mara moja na usijaribu tena.

Kuanzia hapa kifuniko lazima kifunguliwe, na hii si kazi ya kujifunzia. Kapasita huweza kubaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Ina kipingamizi ndani cha kuumaliza umeme huo taratibu, lakini kipingamizi nacho hukatika bila kuaga. Fundi mwenye akili huchomoa plagi, husubiri dakika kadhaa, kisha huunganisha vichwa vya kapasita kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme, na kila kichwa na bodi (chuma cha mwili wa jiko) pia. Hakuna anayepima zile volti 4000 kwa mita ya kawaida. Mita nyingi mwisho wake ni 600 au 1000.

Vipimo vyote hufanywa plagi ikiwa nje na nyaya zikiwa zimechomolewa kwenye kifaa. Vichwa viwili vya magnetroni visome chini ya omu 1 kati yao, na kutoka kichwa hadi bodi mita isisome kitu. Ikisoma, magnetroni imekufa. Upande mkubwa wa transfoma husoma takriban omu 60 hadi 200, na upande wa ukutani omu chache tu. Kapasita huwa karibu mikrofaradi 1, thamani yake imeandikwa ubavuni.

Dayodi ndiyo huwapotosha wengi. Mita ya kawaida huipima kwa volti mbili tatu, nayo huhitaji zaidi ya hapo ili ifunguke, kwa hiyo nzima huonekana imekatika pande zote mbili. Unganisha betri ya volti 9 kwa mfululizo nayo: upande mmoja mita isome volti kadhaa, ukigeuza isome sifuri. Ukilipeleka jiko kwa fundi, iwe Katwe jijini Kampala au Gulu mjini, Uganda, mwulize dayodi ameipima kwa kifaa gani. Jibu litakuambia kama jiko umeliacha mikononi salama.

Dayodi, fyuzi na swichi ni vitu vidogo na vinafaa kubadilishwa. Magnetroni ni hesabu nyingine: lazima ilingane na ya zamani kwa matundu ya skrubu, urefu wa antena (ncha inayotoa mawimbi), uelekeo wa vichwa na njia ya hewa, na ule wavu wa duara unaokaa shingoni mwa antena urudishwe, la sivyo cheche zitaanza. Bei yake ikikaribia nusu ya bei ya jiko jipya, nunua jiko jipya.