Hudhurungi: rangi isiyotiwa rangi

Bagamoyo na Tanga neno hili hutajwa kwenye kanzu kuliko kwenye kopo la rangi ya ukuta.

Dhana: Hudhurungi ni kahawia kwa jina la kizee.
Ukweli: Kahawia ni buni iliyokaangwa. Hudhurungi ni nyepesi zaidi na ina umanjano, karibu na ganda la karanga.

Dhana: Neno linatokana na "khudhra", ukijani kwa Kiarabu.
Ukweli: Ni Kiajemi: *khud*, yenyewe, na *rang*, ambayo ndiyo "rangi" yetu. Maana yake, kitu chenye rangi yake chenyewe.

Dhana: Basi kanzu ya hudhurungi ni nguo iliyochovywa rangi.
Ukweli: La, na jina limeshasema. Kuna pamba inayoota ikiwa kahawia tangu shambani. Ililimwa na kufumwa Oman, na nguo za Maskati zilifika pwani yetu kwa majahazi ya kaskazi. Rangi, ya jamii ya tanini, imo ndani ya utembo, yaani unyuzi, wa pamba. Utembo wenyewe ni mfupi kuliko wa pamba nyeupe, kwa hiyo huvumilia mkono wa msokotaji kuliko mashine ya kasi.

Ukitaka kupima kama nguo ni ya pamba hiyo, chomoa uzi kwenye pindo na uufumue msokoto. Uliotiwa rangi kijuujuu huonyesha weupe katikati, au pale nyuzi zilipopishana. Kisha chemsha kipande cha upana wa vidole viwili katika maji yenye magadi kidogo, robo saa. Pamba ya kahawia hukolea badala ya kupauka. Fanya majaribio yote mawili, maana rangi nzuri ya kiwandani nayo hupenya hadi ndani.

Dhana: Jiki huondoa doa.
Ukweli: Huondoa doa pamoja na rangi, na haikuachi hata na pa kuanzia. Tumia sabuni ya mche, anika kivulini.

Dhana: Gome la mkoko hutoa hudhurungi ileile.
Ukweli: Hutoa kahawia yenye wekundu. Inapendeza, ila si hii. Tanini yake ikikutana na chuma hugeuka kijivu cheusi, kwa hiyo sufuria iwe ya alumini na maji yasiwe ya bomba lenye kutu. Mti usikatwe, mikoko ni hifadhi. Magome ya boriti zilizovunwa kwa kibali yanatosha.