Kabla hujafungua kopo la mitishamba ya tumbo

Tarehe 31 Agosti ni Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, na kila inapokaribia, kitengo chetu cha taarifa za dawa hapa hospitalini hupewa jukumu la kujibu maswali ya wananchi kuhusu mitishamba. Safari hii maswali mengi ni ya tumbo: linajaa gesi, linanguruma, linabana kisha linaachia, leo choo cha mbuzi, kesho kuharisha. Wengi wanaouliza wamekwishapimwa vidonda vya tumbo wakaambiwa hawana. Wamekwishameza dawa za amiba zaidi ya mara moja. Sasa wanataka kujua kama wanunue kopo la virutubisho vya mitishamba walilotumiwa picha yake kwenye WhatsApp.

Jibu letu ni kwamba kujaribu kunaruhusiwa, ila kwa bidhaa moja inayojulikana ina nini ndani, yenye siku ya kuanza na siku ya kukoma. Maelezo haya ni ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari aliyekupima.

Tatizo lenyewe madaktari huliita kwa herufi IBS, kifupi cha Kiingereza cha "irritable bowel syndrome". Utumbo ukitazamwa hauna kidonda wala uvimbe, lakini mwendo wake umevurugika na mishipa yake ya fahamu inahisi maumivu kupita kiasi. Kwa vigezo vya kimataifa vya kutambua tatizo hili, viitwavyo Rome IV, vya mwaka 2016, mtu awe na maumivu ya tumbo walau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 nyuma, na maumivu yaendane na kwenda haja au na mabadiliko ya choo. Si amiba sugu. Tunalisema hili kila wiki na tutaendelea kulisema: kurudia metronidazole, dawa ya amiba, kila tumbo linaposumbua, bila kipimo cha choo kuonyesha kitu, hakutibu IBS.

Kuna dalili ambazo hazihusiani kabisa na mitishamba. Damu kwenye choo, choo cheusi tii, kupungua uzito bila kukusudia, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usiku, uvimbe unaoshikika tumboni, au matatizo haya kuanza ukiwa umevuka miaka 50. Mwenye mojawapo ya hizo aende hospitali kwanza. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo mweleze daktari kama unavitumia.) Angalia pia dawa zako za kila siku. Metformin ya kisukari huharisha watu wengi, hasa mwanzoni, na wapo wanaozunguka na dawa za tumbo kwa mwaka mzima kumbe chanzo kiko kwenye mfuko wao wenyewe wa dawa.

Sasa mitishamba. Yenye ushahidi wa maana kwa IBS ni michache, na si ile inayotangazwa kwa kelele. Mafuta ya mnanaa yamefanyiwa utafiti kuliko mengine. Mentholi iliyomo hulegeza misuli ya utumbo kwa kuzuia kalsiamu isiingie kwenye chembe za misuli, ndiyo maana maumivu ya kubana hupungua. Chama cha wataalamu wa mfumo wa chakula cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, kinapendekeza mafuta haya, huku kikikiri kwamba ushahidi wake si wa kiwango cha juu. Uholanzi walifanya jaribio kwa watu 190, likachapishwa mwaka 2020. Kwa kigezo kikuu cha jaribio hilo, waliopewa mnanaa hawakuwazidi kwa uhakika waliopewa kidonge kisicho na dawa, ingawa katika vipimo vya ziada, kama ukali wa maumivu, walionyesha nafuu. Hivyo anayekuahidi kwamba utapona anakudanganya, na anayesema mnanaa ni upuuzi mtupu naye hajasoma.

Kinachofanya kazi hapo ni kidonge chenye ganda linalopita tumboni bila kuyeyuka na kufunguka kwenye utumbo. Kimezwe kizima, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, na kisimezwe pamoja na dawa za kupunguza asidi kwa sababu ganda litafunguka mapema na utapata kiungulia kikali. Mwenye kiungulia cha siku zote kwa kawaida hatakifurahia. Chai ya majani ya mnanaa ni kinywaji kizuri, lakini si kipimo hicho.

Kingine ni maganda ya mbegu za ispaghula, yale yanayouzwa kwenye maduka ya viungo kwa jina la isabgol. Haya ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na husaidia zaidi wenye choo kigumu. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku, ongeza polepole kwa wiki kadhaa, kila mara na bilauri kamili ya maji. Wenye shida ya kumeza wasiyatumie. Pumba za ngano, ambazo watu hushauriana mitaani kwa nia njema, huwazidishia gesi wengi wenye IBS.

Halafu ipo mitishamba inayonitia wasiwasi. Sanamaki, kwa mfano. Ni dawa ya kweli ya kukosa choo na babu zetu wa pwani waliijua: hufanya kazi ndani ya saa 6 hadi 12 kwa kuuchokoza utumbo mpana. Lakini siku hizi inasagwa na kuuzwa ndani ya chai za "kusafisha tumbo" zinazonyweka kila siku, mara nyingi ikiwa pamoja na mshubiri. Mtu mwenye utumbo unaobana tayari anapewa kitu kinachobanisha zaidi. Akirudi kulalamika kwamba anaharisha maji, muuzaji anamwambia ni sumu zinatoka. Hakuna sumu inayotoka. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji, na kwa anayetumia digoxin, dawa ya moyo, au vidonge vya kukojoa upungufu huo unaweza kuwa wa hatari. Isitumike zaidi ya wiki moja bila ushauri.

Urukususu (licorice) hupandisha shinikizo la damu na nao hushusha potasiamu. Wenye presha wauepuke. Manjano ya kwenye mchuzi hayana tatizo lolote, ila vidonge vya manjano yaliyokolezwa, hasa vikichanganywa na pilipili manga ili yafyonzwe kwa wingi, vimehusishwa na kuumia kwa ini. Italia mwaka 2019 walitangaza visa vya homa ya ini kwa watumiaji wa vidonge hivyo. Ujerumani ipo dawa ya matone ya tumbo yenye mimea 9, inauzwa kwenye famasi zao kwa miongo mingi, na mwaka 2018 ilibidi iongezewe onyo la ini kwa sababu ya mmea mmoja uliomo, Chelidonium majus. Naomba hoja ya "ni ya asili, haina madhara" iachwe. Digoxin yenyewe asili yake ni majani.

Wanaotumia ARV zenye dolutegravir wasikilize hapa. Virutubisho vingi vya tumbo huwa na magnesiamu, kalsiamu, chuma au zinki, na madini hayo huzuia dolutegravir kufyonzwa. Meza ARV saa 2 kabla ya kirutubisho au saa 6 baada yake. Usiache ARV ili "kupisha" dawa ya mitishamba, kwa sababu yoyote ile.

Namna ya kujaribu ni hivi. Wiki mbili za mwanzo usitumie kitu kipya. Andika tu kila jioni maumivu kwa alama 0 hadi 10, mara ulizokwenda chooni na choo kilikuwaje. Kisha anza bidhaa moja kwa wiki 4, bila kubadilisha mlo wala kuongeza dawa nyingine. Ukiacha maharage na chai ya maziwa wiki ile ile uliyoanza kidonge, hutajua kilichokusaidia. Maumivu yasiposhuka kwa walau theluthi moja, acha. Yakishuka, simamisha wiki mbili uone kama yanarudi. Watu wananiuliza kwa nini usumbufu wote huu. Ni kwa sababu IBS hupanda na kushuka yenyewe, na katika majaribio ya dawa za IBS watu kati ya 30 na 40 kwa kila 100 hupata nafuu kwa kidonge kisicho na dawa yoyote. Nafuu hiyo ni ya kweli, hakuna aliyejidanganya, lakini haitoshi kukufanya ulipie kopo kila mwezi maisha yako yote. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiingizwe kwenye majaribio haya.

Kuhusu usajili, mkanganyiko ni mkubwa, hivyo nieleze kwa kirefu. Hapa Tanzania, dawa za asili na watoa huduma wake husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Mtoa huduma huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa, kisha kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, na dawa yake hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuchunguzwa usalama. Dawa za viwandani, zikiwemo za mitishamba zilizosajiliwa kama dawa, ni za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Usimamizi wa vyakula ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, si usajili wa dawa, na leseni ya biashara ya halmashauri si usajili wa dawa. Cheti kuonyesha kwamba sampuli ilipimwa nacho si usajili wa dawa. Muulize muuzaji namba ya usajili na ni wa chombo gani, halafu hakiki kwa chombo chenyewe. Muuzaji anayekutwa na bidhaa isiyosajiliwa, bidhaa hukamatwa na kuteketezwa. Usajili wake kama anao unaweza kusimamishwa au kufutwa. Na akifikishwa mahakamani adhabu inaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Mnunuzi anayetoa taarifa hashtakiwi. Narudia, hashtakiwi, maana wengi hukaa kimya kwa hofu hiyo.

Kopo lisilo na majina ya mimea na kiasi chake, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, lirudishe. Lenye kudai kutibu chango, ngiri, bawasiri, gesi na nguvu za kiume kwa pamoja, usilijadili. Dawa ya "mitishamba" inayokata maumivu makali siku hiyo hiyo nayo itiliwe shaka: nchi mbalimbali zimewahi kukuta dawa za hospitali, kama diclofenac ya maumivu na dexamethasone ya jamii ya steroidi, zimefichwa ndani ya bidhaa za aina hiyo.

Macho au mkojo ukigeuka wa njano, mwili ukiwasha, ukitapika au kuzimia baada ya kuanza kutumia, acha siku hiyo hiyo na uende kituo cha afya. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA ya madhara ya dawa. Fomu hiyo inapokea mitishamba pia, na huhitaji kuthibitisha kwamba bidhaa ndiyo iliyosababisha, kushuku kunatosha. Jina lako halitangazwi. Njoo na kopo, kifuniko chake na kilichobaki ndani, hata kama ni vumbi tu chini, kwa sababu bila namba ya toleo na sampuli hakuna maabara inayoweza kutuambia ulimeza nini.