Mtoto mwenye sikoseli hana kinga ya malaria

"Mwanangu ana sikoseli, malaria haimpati." Hayo tunaambiwa kliniki kila mara, na mzazi anayesema hivyo mara nyingi ameshaacha kumlaza mtoto kwenye neti. Katika dhana zote potofu kuhusu ugonjwa huu wa kurithi, unaopinda chembe nyekundu za damu kama mundu, hii ndiyo inayoua, hasa Kanda ya Ziwa ambako malaria na sikoseli vinakutana.

Kinga ipo, ila si ya huyo mtoto. Ni ya mwenye AS, aliyerithi kinasaba cha mundu kwa mzazi mmoja tu. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo Afrika Mashariki mwaka 1954, na tafiti za baadaye zinakadiria kwamba AS hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Chembe nyekundu yenye vimelea hujikunja, bandama ikaiondoa kabla havijazaliana sana. Hata hivyo mwenye AS huugua malaria, na akiugua anameza dozi nzima ya dawa ya mseto ya malaria kama mtu mwingine yeyote.

SS, yaani aliyerithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili na ndiye mgonjwa wa sikoseli, ni habari nyingine kabisa. Bandama ya mtoto huyu kwa kawaida imeshaharibika kabla hajatimiza miaka 5. Hemoglobini yake, yaani wingi wa damu, ya siku zote ni gramu 6 hadi 8 kwa desilita, kwa sababu chembe zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Malaria ikizipasua hizo chache, damu inaweza kushuka hadi 3 ndani ya siku mbili, na moyo ukashindwa. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba wenye SS wanaolazwa kwa malaria hufariki zaidi kuliko watoto wengine wenye malaria. Wala vimelea vichache kwenye kipimo visimpe mtu matumaini. Mara nyingi mtoto wa SS huwa na vimelea vichache kuliko wenzake, na bado yeye ndiye anayezidiwa.

Basi alale kwenye neti yenye dawa kila usiku, masika na kiangazi. Dawa ya kinga aliyoandikiwa isirukwe. Kenya hutumia sana proguanili, kila siku. Kama ni SP (sulfadoksini-pirimethamini), muulize daktari kuhusu foliki asidi, maana vidonge vya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP. Joto likifika 38.5, ni hospitali saa hiyohiyo, si panadoli na kusubiri kukuche. Na wahudumu wenzangu, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya isiwafanye mkaishia hapo. Hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya matibabu, na bakteria wanaweza kuwa damuni wakati huohuo. Pimeni wingi wa damu, anzeni antibiotiki pamoja na dawa ya malaria, papaseni bandama. Mama naye afundishwe: mtoto alale chali, vidole vipite taratibu chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikikua ghafla na mtoto akapauka, asisubiri asubuhi.

"Hidroksiurea ni ya saratani, itamdhuru." Dawa hii ya sikoseli hutumika huko pia, ndiyo. Lakini jaribio la REACH la Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, lililotoa matokeo mwaka 2019, lilikuta maumivu, kuongezewa damu na vifo vikipungua, na malaria ikishuka kwa takriban nusu. Huanzwa kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, huku picha kamili ya damu ikirudiwa. Chembe nyeupe zikishuka mno, husimamishwa kwa muda kisha ikaendelea. Inayodhuru ni ile inayonunuliwa na kumezwa bila vipimo.

Siklingi, kipimo cha kuona kama chembe za damu hujipinda kama mundu, ikiwa chanya haisemi kama mtoto ni AS au SS, na chini ya miezi 6 inaweza kutoka hasi ilhali ni mgonjwa. Dai elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini.

Sharubati za chuma hapana, isipokuwa upungufu wa chuma umepimwa ukaonekana. Aliyeongezewa damu mara nyingi tayari ana chuma cha kupitiliza.

"Imetoka upande wa mama." Haiwezekani, SS hutoka kwa wazazi wote wawili. Wakiwa wote AS, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto wa SS, hata kama watoto watatu wa kwanza ni wazima.

Vidole vya mtoto mdogo vikivimba, asichanjwe chale. Huenda ni sikoseli, damu imeziba kwenye mifupa midogo. Apewe vinywaji kwa wingi, dawa ya maumivu na kitambaa cha uvuguvugu, kamwe si barafu, kisha aletwe apimwe.