Ni wangapi walikufa njiani Doolough?

Ukifika Louisburgh, kaunti ya Mayo, magharibi ya Ireland, utasimuliwa kwamba mwaka 1849 watu 400, wengine husema 600, walikufa kwa usiku mmoja kando ya ziwa Doolough. Tukio ni la kweli. Hesabu ndiyo yenye shida.

Njaa ilikuwa mwaka wa nne tangu baka chelewa, ugonjwa wa mimea, liozeshe viazi mashambani. Mwishoni mwa Machi, mafukara waliokusanyika Louisburgh kukaguliwa ili waendelee kupata posho waliambiwa wawahi kesho yake asubuhi Delphi Lodge, nyumba ya wawindaji iliyo karibu kilomita 19 kutoka hapo, kwenye baridi kali. Walitembea, matambara mwilini, wakarudi mikono mitupu.

Barua iliyochapwa Aprili hiyohiyo katika gazeti la Mayo Constitution ilitaja maiti saba zilizookotwa njiani, wakiwemo wanawake na watoto, na wengine tisa ambao hawakufika makwao. Yaani kama kumi na sita, si mamia.

Mia sita hutajwa pia kuwa idadi ya waliokusanyika. Nadhani waliotembea na waliokufa walichanganywa. Hata hivyo sioni kwamba wazee walidanganya. Kati ya 1841 na 1851 Mayo ilishuka kutoka watu 389,000 hivi hadi 274,000, kwa vifo na kuhama, na wengi hawakuandikwa popote. Vifo vya miaka kadhaa vikapachikwa kwenye barabara moja.